Naomba ushauri: binti yangu ana miaka miwili, dawa ya minyoo anapata kila mara lakini kilo hazipandi

MamaWawili_Muheza

Habari za jioni wanajukwaa. Humu mimi ni msomaji tu, leo imebidi niandike maana nyumbani hakukaliki.

Nina binti wa miaka miwili na miezi miwili. Alizaliwa na kilo 3.1, akanyonya vizuri, miezi tisa alikuwa na kilo 8 na kadi yake ya kliniki ilikuwa kijani tupu. Kuanzia hapo mambo yakaanza kusuasua. Alipofika mwaka na miezi mitatu alikuwa na kilo 8.6. Juzi kliniki mzani umesoma 9.2 na nesi akaniambia tumeshaingia kwenye kijivu. Urefu ni sentimita 79. Watoto wa jirani aliozaliwa nao mwezi mmoja wanampita kichwa kizima.

Tumbo lake ni kubwa, hasa jioni. Usiku anasaga meno. Anabandua udongo ukutani na kula, nikigeuka tu kishatia mdomoni. Choo mara kigumu, mara laini, kina harufu kali na kinang'aa kama kimemwagiwa mafuta, ila siwezi kusema anaharisha. Kula ni kwa kubembelezwa.

Dawa ya minyoo anapata. Juni na Desemba wanapogawa pamoja na matone ya vitamini A sikosi. Mwaka jana baada ya dozi ya Juni alitoa mnyoo mmoja mrefu, mweupe unaoelekea rangi ya waridi, nikapiga kelele mpaka majirani wakaja. Tangu siku hiyo nanunua mwenyewe duka la dawa na kumpa kila mwezi. Mnyoo mwingine sijauona, na kilo pia sijaziona.

Mama mkwe anasema mtoto kabemendwa, yaani mzazi katoka nje ya ndoa na mtoto ndiye anadhoofika. Mume wangu anafanya kazi Tanga mjini, anarudi mwisho wa wiki, kwa hiyo mnaelewa hayo maneno yanamlenga nani. Anataka tumpeleke kwa mzee mmoja akakatwe kimeo, kisha anyweshwe dawa ya chango. Mume yuko kimya.

Naomba kujua: kuna dawa ya minyoo yenye nguvu kuliko hii ya kidonge kimoja? Nimpe kila mwezi au niongeze? Na ni kweli minyoo inaweza kumzuia mtoto asikue namna hii? Matusi naomba muyaache, nimechoka.

Kipanga_wa_Kange

Mbegu za papai. Kausha, saga, changanya na asali, asubuhi kabla hajala kitu. Wenye viwanda vya dawa hawapendi mjue hili.

Dereva_Segera

Sisi zamani tulipewa kijiko cha mafuta ya taa na minyoo ilitoka yote. Watoto wa siku hizi mnawadekeza.

AfisaTabibu_Kata

Dereva, naomba ufute hiyo kabla mama mwingine hajaisoma. Mafuta ya taa yakimpalia mtoto yanaingia kwenye mapafu na kuyaunguza. Tunawapokea watoto wa namna hiyo wakihema kwa shida, na wengine hatuwarudishi nyumbani.

Mama Wawili, pole sana. Nipo kazini, nikitoka nitakuandikia kwa kirefu.

Bibi_Mkanyageni

Mwanangu, kwanza futa machozi. Mimi nimelea wangu na wajukuu, na hayo maneno ya kubemenda nimeyasikia tangu nikiwa mwari. Kila mtoto aliyekonda katika mtaa wetu alitafutiwa mkosaji, na mkosaji siku zote alikuwa mama yake. Baba akionekana kokote haulizwi kitu. Nimeona ndoa zikivunjika kwa sababu ya mtoto ambaye baadaye hospitali walimkuta na kifua kikuu.

Kimeo usikubali. Ule wembe hujui umepita kwa nani, na nyama ile ikikatwa vibaya mtoto humaliza damu kooni. Kimeo hakina kazi yoyote na kilo za mtoto. Lakini mkweo usimpige na maneno. Mwambie, "Mama, twende wote kliniki ukasikie." Mkwe akiitwa kama mkubwa huwa analainika.

MamaWawili_Muheza

Asante bibi. Kwenda naye sikuwahi kufikiria, siku zote natoka kimya kimya.

AfisaTabibu_Kata

Nimetulia sasa. Mimi ni afisa tabibu kwenye kituo cha afya, bingwa wa watoto siyo. Haya ninayoandika ni ya kukusindikiza hospitali.

Kwanza namba zako. Kwa binti wa miezi 26, mstari wa chini unaokubalika ni kama kilo 9.4, na wa katikati karibu kilo 12. Kwa hiyo 9.2 iko chini kidogo. Ila tazama vizuri: kilo 9.2 kwa mtoto wa sentimita 79 si mbaya. Kwa urefu alionao hajakonda. Tatizo lake kubwa ni kwamba ni mfupi kwa umri wake, na huo ndio tunauita udumavu. Udumavu haujengeki kwa mwezi mmoja wa kukataa uji. Umeanza pale pale ulipotaja mwenyewe, baada ya miezi tisa, wakati maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena na mtoto anaanza kutambaa na kuokota kila kitu. Nesi alimpima mkono kwa ule utepe? Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, unampeleka leo hii. Kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kadiri, bado anahitaji uangalizi wa karibu.

Pili, minyoo. Huku mtaani tunaisema minyoo kana kwamba ni mdudu mmoja. Uliyemwona wewe karibu hakika ni askaris, mnyoo mviringo, yule anayefanana na wa ardhini. Jike mmoja hutaga mayai yanayofikia 200,000 kwa siku. Mayai yakitoka na choo hayaambukizi hapo hapo. Hukaa kwenye udongo wenye unyevu wiki mbili, tatu au zaidi, kisha mtoto anayameza kwa mikono, kwa maembe yaliyookotwa, au kwa huo udongo wa ukutani ikiwa mikono na maji machafu yamefika hapo. Tumboni kiluwiluwi hutoboa ukuta wa utumbo, hupanda na damu mpaka kwenye mapafu (ndiyo maana wengine hukohoa), hukoholewa na kumezwa tena, ndipo anakuwa mnyoo mkubwa. Tangu yai limezwe mpaka mnyoo huyo aanze kutaga ni miezi miwili mpaka mitatu.

Sasa utaona kwa nini kidonge cha kila mwezi hakina maana. Dozi moja ya albendazoli, miligramu 400, au nusu yake, 200, kwa mtoto ambaye hajafika miaka miwili, inaondoa askaris karibu wote. Safura, wale wanaoingia kwa kupenya ngozi ya miguu iliyo peku, inawapunguza kiasi kizuri. Minyoo ya mjeledi inawagusa tu, hao hospitali huwa tunatoa siku tatu mfululizo. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa ya jumla mara moja kwa mwaka mahali ambapo angalau watoto 20 kwa kila 100 wana minyoo, na mara mbili pale wanapofika nusu. Binti yako Juni na Desemba anapata. Hiyo inatosha mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Na kidonge kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu kisagwe na kuchanganywa na maji, asibanwe pua akalazimishwa. Watoto wamepaliwa.

Tatu, na hapa ndipo ninaposhika kichwa: choo laini, chenye harufu kali, kinachong'aa mafuta, kinachokuja na kuondoka. Hicho hakinipeleki kwenye minyoo. Kinanipeleka kwenye jiadia. Hiki ni kijidudu cha seli moja, kwa macho huwezi kukiona, hujibandika kwenye utumbo mwembamba na kuzuia mafuta na vitamini visinyonywe. Dozi moja ya dawa ya minyoo haikiondoi. Unaweza kumpa mtoto kidonge kile mwaka mzima na jiadia ikawa inakuangalia tu.

Nne, kula udongo. Mara nyingi ni alama ya upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini chuma. Mfungue viganja ulinganishe na vyako, uone kama vimepauka. Kusaga meno kuache, sijaona ushahidi kwamba kunatokana na minyoo.

Kwa hiyo nenda hospitali, usiombe "dawa ya minyoo kali". Omba choo kipimwe, na sampuli iwe zaidi ya moja, siku tofauti, maana vijidudu hivi havitoki kila siku. Kipeleke kikiwa kibichi. Omba wingi wa damu, malaria, na mkojo. Waambie kama nyumbani kuna mtu anakohoa muda mrefu. Kama hali ya VVU ya mtoto haijulikani, nayo ipimwe bila aibu. Wakati wowote akitapika, tumbo likawa gumu na choo kikafunga, usisubiri asubuhi, minyoo ikikusanyika huweza kuziba utumbo.

Kipanga_wa_Kange

Daktari umeruka mbegu za papai.

AfisaTabibu_Kata

Sijaziruka, zilikuwa zinanisubiri. Kuna utafiti mdogo wa Nigeria uliochapishwa mwaka 2007, watoto 60, nusu walipewa mbegu kavu za papai ndani ya asali, na choo cha wengi wao kilikuja kuwa safi. Hilo ni kweli. Ila ni watoto 60, kipimo cha kijiko chako na changu hakifanani, na kidonge kinachojulikana ubora wake kinatolewa bure kliniki. Kwa huyu mtoto swali langu lingebaki lile lile: unamuua mdudu yupi?

MchumiMstaafu

Naomba nichokoze. Mwaka 2019 Michael Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Nobeli ya uchumi, na kazi yake iliyovuma zaidi ilifanyika Busia, Kenya, kuanzia 1998. Shule za msingi 75, watoto wanapewa dawa ya minyoo, utoro ukapungua kwa robo. Serikali zikashangilia. Ilipofika 2015 wasomi wakararuana, wengine wakarudia hesabu zake wakasema mambo si mazuri hivyo. Na mapitio ya Cochrane, wale wasomi wanaojumlisha tafiti nyingi pamoja, yanasema ukiwapa watoto wote dawa bila kuwapima, wastani wa uzito hausogei kwa maana. Sasa hizi kampeni za Juni na Desemba ni za nini?

AfisaTabibu_Kata

Mchumi, wewe unapenda wastani. Ukigawa dawa kwa watoto 100 na wenye minyoo ni 15, faida ya wale 15 inamezwa na wale 85. Toleo la 2015 la mapitio hayo hayo lilionyesha kwamba watoto waliopimwa wakakutwa na minyoo, kisha wakatibiwa, huenda wakaongezeka uzito. Kampeni ipo kwa sababu kidonge ni rahisi na salama kuliko kupima choo cha kila mtoto wa taifa. Lakini binti wa dada yetu ni mtoto mmoja mwenye jina na kadi, kwake kupima ndiyo njia.

Wete_Kwetu

Asalaam aleikum. Mimi ni Mpemba, na kisiwa chetu kimechunguzwa vyoo kuliko mahali pengi duniani. Tuna maabara nzima ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000.

Nitaje mawili ambayo naona yanamfaa mama huyu. Kuna kazi iliyofanywa Pemba na kuchapishwa 2004, watoto wa chini ya miaka sita wakapewa mebendazoli kila miezi mitatu. Walionufaika zaidi ni wadogo kabisa: hamu ya kula ilirudi na ukondefu ukapungua. Kwa hiyo mtu asije akasema minyoo haina neno na ukuaji, hasa kwa mtoto mdogo. Ila zingatia, kila miezi mitatu, na Pemba ya wakati ule minyoo ilikuwa kila nyumba.

La pili ni onyo. Kisiwani kwetu hapo hapo walijaribu kuwapa watoto wadogo madini chuma na asidi ya foliki kila siku, bila kuangalia nani kapungukiwa. Waliolazwa na waliokufa wakaongezeka, ikabidi sehemu hiyo isimamishwe 2003, na matokeo yakachapishwa 2006. Ni kwa sababu ya malaria. Kwa hivyo dada, ukisikia mtoto hana damu usikimbilie duka la dawa kununua chupa. Apimwe, malaria itafutwe, alale kwenye chandarua, na dawa ya damu aandikiwe kwa uzito wake.

Gwaraa_Mbulu

Nami niongeze ya kwetu Manyara. Haydom ilikuwa kituo kimojawapo kati ya vinane vya utafiti mkubwa wa MAL-ED, watoto walifuatwa tangu kuzaliwa mpaka miaka miwili, vyoo vinachukuliwa kila mwezi. Jiadia ilikuwa nyingi mno, na watoto wengi wala hawakuwa wanaharisha. Waliokaa nayo mapema na kwa muda mrefu walikuwa wafupi walipofika miaka miwili. Baadaye hapo hapo Haydom wakajaribu kuwapa watoto dawa za kuua vijidudu kwa ratiba, waumwe wasiumwe. Matokeo yalitoka 2021: hawakurefuka kuwazidi wenzao.

MamaWawili_Muheza

Sasa mmenichanganya. Kama dawa hazirefushi, jiadia ikipatikana nimtibu ya nini?

AfisaTabibu_Kata

Swali zuri. Wale wa Haydom walipewa wote, wenye dalili na wasio nazo, kisha wakarudi kwenye sahani ile ile na kisima kile kile. Wako ana dalili. Ukimtibu, utumbo unapata nafasi ya kupumua na kunyonya chakula. Lakini kama chakula chenyewe hakipo, au wiki ya tatu amekunywa tena maji yale yale, utumbo utanyonya nini? Dawa inafungua njia, mwili unajengwa na chakula.

Mama_Kimilili

Jambo kutoka Bungoma. Huku vijijini kwetu, Kakamega na Vihiga, walikuja na mradi wa WASH Benefits. Boma zingine zilipewa klorini, zingine vyoo vipya, zingine sehemu za kunawa, zingine lishe, zingine vyote pamoja. Tukafikiri watoto wa vyoo vipya watakuwa warefu kama mlingoti. Matokeo ya 2018 yakatuduwaza: maji, choo na sabuni havikuongeza urefu. Waliopata lishe ndio waliongezeka, na hata hao ni kidogo tu. Askaris nayo ilipungua pale maji yalipotibiwa.

Mimi bado nachimba choo na nanawa, wacha nisieleweke vibaya. Lakini mama, kuhusu jiadia, klorini pekee usiiamini. Chemsha maji mpaka yatokote kabisa, ya kunywa na ya kuoshea kijiko chake. Huku kwetu mhudumu wa afya ya jamii huja nyumbani na utepe, na kuna wiki za Malezi Bora Mei na Novemba. Wako hafiki kwako?

MamaWawili_Muheza

Anafika, ila huwa nipo sokoni, anamkuta bibi yake. Mkono alipimwa, ni 13.2.

MamaWaNne_Pongwe

Hamjamuuliza mtoto anakula nini. Mama Wawili, tuandikie ya jana, asubuhi mpaka usiku, usitupambe.

MamaWawili_Muheza

Asubuhi uji wa lishe, ule wa kusagisha nafaka nyingi, kikombe kimoja. Saa nne chai ya rangi na andazi. Mchana ugali na mchuzi wa mchicha, alikula tonge mbili tatu. Jioni uji tena uliobaki. Usiku wali kidogo na maharage. Bibi yake anampa chai akilia.

MamaWaNne_Pongwe

Ndiyo. Sasa soma nami polepole.

Unga wa lishe tumeugeuza dini. Mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, uwele, ukivichanganya vyote bado ni wanga juu ya wanga. Halafu unapikwa mwepesi ili upite kwenye kikombe. Katumbo ka mtoto kanajaa maji. Pika uji wa nafaka moja au mbili, uwe mzito wa kulika kwa kijiko, tia karanga zilizosagwa au maziwa au tui la nazi. Uji wa asubuhi usiwe wa jioni, hasa bila kuchemshwa tena.

Chai ya rangi ondoa. Inazuia madini chuma yasinyonywe, na unampa karibu na chakula. Andazi nalo linaua njaa ya mchana, ndiyo maana tonge zinaishia tatu.

Yai moja kila siku. Kuku unao? Basi mayai mengine usiuze. Dagaa uono wakavu, toa vichwa ukitaka, kaanga, saga, tia kijiko kwenye mboga na kwenye uji, hatajua. Maini siku ukiwa na uwezo, hata kipande kidogo. Kisamvu cha karanga na nazi. Maharage mponde, usimpe mchuzi tu. Na wewe uko Muheza, machungwa yanaoza kando ya barabara! Mpe vipande pamoja na chakula, yanasaidia mwili kunyonya chuma cha mboga. Kijiko cha mafuta kwenye chakula chake usisahau. Milo mitatu kamili na vitu viwili vya kati, parachichi, ndizi, karanga za kusaga.

Na kubwa kuliko yote: awe na sahani yake. Akila sinia moja na wakubwa huwezi kujua kala nini. Akae mtu mbele yake, amlishe akicheka naye. Kubembeleza huku unakimbilia sokoni hakumshibishi mtoto.

Dereva_Segera

Mayai kila siku, maini, karanga... mnajua bei?

MamaWaNne_Pongwe

Dereva, nimepiga hesabu kabla hujaniuliza. Chai, sukari, andazi na kidonge cha minyoo cha kila mwezi vinanunua mayai mengi tu, na dagaa.

MamaWawili_Muheza

Nimerudi na majibu, na samahanini kwa kukaa kimya muda mrefu, nilitaka nije na kitu cha kusema.

Nilienda na mama mkwe kama bibi alivyosema. Choo cha kwanza hawakuona kitu, nikataka kuondoka, nikakumbuka maneno ya tabibu nikapeleka kingine. Hicho ndicho kilionyesha jiadia. Mayai ya minyoo hawakuyaona kabisa. Malaria hakuna, mkojo safi, kipimo cha VVU hakina tatizo. Damu ilikuwa 8.7. Akaandikiwa dawa ya jiadia ya maji kwa uzito wake, chungu balaa, na dawa ya damu. Nesi alimweleza mkwe taratibu, akampa mpaka kadi aishike na kuitazama. Kimeo hakijatajwa tena nyumbani.

Chai tumeacha, hapo ndipo palipokuwa na vita kubwa kuliko dawa. Sahani yake anayo. Maji tunachemsha, na ndoo ina mfuniko na bomba.

Sasa ni mwezi wa tatu. Ana kilo 10.1 na sentimita 81. Damu 10.6. Udongo simuoni nao tena, choo kimekuwa choo. Mkwe anasema ni mwarobaini aliomuogeshea, nimemwachia huo ushindi.

Bibi_Mkanyageni

Mwachie, mwanangu. Umefanya vizuri.

AfisaTabibu_Kata

Hongera sana, hasa kwa ile sampuli ya pili. Maneno machache tu. Kilo zimekimbia, urefu umetembea, na ndivyo ilivyo. Sentimita 81 kwa umri wake bado ni chini ya mstari, kwa hiyo usimpeleke kwa watoto wa jirani kumlinganisha, mlinganishe na yeye wa mwezi uliopita. Urefu pima kila baada ya miezi mitatu, na apimwe na mtu yule yule ikiwezekana. Dawa ya damu usiikate mwenyewe kwa sababu damu imekaribia 11 inayotakiwa, dawa inaendelea kwa muda ili akiba ijae, aliyekuandikia ndiye atakwambia lini. Choo kikiwa cheusi ni hiyo dawa, usiogope. Kile cha mafuta kikirudi, rudi nacho hospitali. Dawa ya minyoo, subiri Desemba.

MamaWawili_Muheza

Asante tabibu. Swali la mwisho nisiwachoshe: kaka yake wa miaka sita usiku anajikuna sana sehemu ya haja kubwa, nimemulika na tochi nikaona vidudu vyeupe kama nyuzi. Ni hizo hizo?

AfisaTabibu_Kata

Hapana, hiyo ni minyoo ya uzi. Inatoka usiku kutaga nje, ndiyo maana anawashwa akilala. Haimdumazi mtoto, inamnyima usingizi tu, lakini inahama haraka: anajikuna, mayai yanaingia kwenye kucha, yanaenda mdomoni mwake na kwa wenzake. Hapa sasa dawa inatolewa kwa nyumba nzima siku moja, na kurudiwa baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai hayafi na dozi ya kwanza. Wewe kama una mimba uniambie kwanza kabla hujameza. Kata kucha zao, alale na chupi, aoge asubuhi akiamka, shuka zifuliwe kwa maji ya moto siku ya dawa.

MamaWawili_Muheza

Mimba sina. Na bibi yao naye ameze?

AfisaTabibu_Kata

Naye ameze.